Mgomo wa Kucha za Dubu

Raili Vuorela alikuwa mpishi wa shule mjini Forssa, Ufini, mwenye miaka hamsini na sita, na kwa miaka tisa alikuwa amesimama golini kila Jumapili saa kumi jioni bila kutoka sebuleni kwake. Gemu lenyewe lilikuwa la hoki ya barafuni, sita kwa sita, kila mchezaji mtu mzima mwenye pedi yake ya vibonyezo mkononi, huyu yuko Oulu, yule Turku, na timu yao iliitwa Kucha za Dubu. Mashine ya gemu aliiacha mwanawe alipohamia Tampere. Raili aliiwasha siku moja aone kama bado nzima kabla ya kuiuza, na hakuiuza tena. Golini aliwekwa kwa kuwa hakuna mwanamume aliyetaka kukaa huko. Wote walitaka kufunga.

Wanaume wale aliwadharau tangu wiki ya kwanza, na kadiri alivyowajua ndivyo alivyozidi kuwadharau. Wakifungwa, kosa ni la mtandao. Wakishinda, kila mmoja ndiye aliyeshinda peke yake. Kapteni wao, Jarkko, alikuwa na sauti ya kuhutubia mkutano wa hadhara, lakini nje ya gemu alikuwa fundi wa matairi hapo hapo Forssa, nyuma ya kituo cha mafuta, na Raili akikutana naye dukani kwenye jokofu la maziwa walitikisiana kichwa mara moja na kila mtu akashika njia yake. Hilo liliwatosha wote wawili. Nani ana hamu ya kuzungumza na Jarkko huku ameshika maziwa?

Mmoja tu ndiye Raili hakumdharau, naye ni Sulo, beki. Mzee wa miaka sabini na moja, aliyekuwa dereva wa malori ya magogo huko Kemijärvi, kaskazini ambako hata posta ilishafungwa. Kabla mchezo haujaanza Sulo alimuuliza swali lile lile kila Jumapili.

"Kipa, uko macho?"

"Niko macho."

Baada ya hapo walikaa saa mbili wakisema "kushoto", "wangu", "acha huyo", na si zaidi. Raili hakuijua sura yake wala namba yake ya simu. Kwamba mzee alikuwa na mke alijua siku Sulo alipochelewa kwa dakika nne, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema, "Samahani. Elvi tumemzika juzi," kisha filimbi ikapulizwa wakacheza. Raili hakumpa pole kwa maneno. Alizuia mashuti thelathini na moja, na mzee alielewa. Zile saa mbili za Jumapili ndizo alizokuwa nazo Raili, na hakutaka kitu kingine chochote kutoka kwa binadamu.

Halafu, Jumanne moja ya Septemba, kampuni ya ile mashine ikatangaza kwamba ada ya mwezi ya kucheza mtandaoni inapanda kuanzia tarehe mosi Oktoba, kutoka euro tisa hadi kumi na mbili na nusu. Hawakutoa sababu ya maana. Walisema wanataka kuendelea kuwapatia wachezaji burudani bora.

Hapo ndipo povu lilipowatoka watu. Raili alisoma ukumbi wa wachezaji mtandaoni wakati wa mapumziko ya kahawa pale jikoni shuleni, miguu juu ya kreti ya viazi, na alicheka kwa pua. Watu wazima wenye mikopo ya nyumba na ndevu za mvi walilia kuliko watoto wa darasa la kwanza walionyimwa jamu ya chapati za maji. Mmoja aliapa kuitupa mashine yake ziwani. Mwingine aliandika aya sita kuhusu haki na utu. Mwingine alisema huu ni wizi wa mchana kweupe, na mstari uliofuata akauliza kama kuna mtu anajua duka lenye kadi za bei ya zamani.

Si kwamba Raili alifurahia. Yeye pia aliona ni upuuzi. Umenunua mashine, umenunua gemu, waya wa intaneti unaulipia kila mwezi, halafu bado unadaiwa kiingilio cha sebule yako mwenyewe. Tofauti ni kwamba yeye alikasirika akiwa amefunga mdomo, na kwake mtu anayekasirika kwa kupiga kelele ni sawa na anayekula huku mdomo uko wazi.

Jumapili iliyofuata Jarkko aliitisha kikao kabla ya mchezo. Wote sita walikuwa hewani, kila mtu na hedifoni zake.

"Jamani, nasema hivi," alianza Jarkko. "Wanatuona mabwege. Wanajua tutalalamika wiki moja, kisha tutafungua pochi. Safari hii hapana. Kuanzia tarehe mosi hakuna kulipa. Hata mmoja. Timu nzima tunasusa, mpaka warudishe bei."

"Umenena, kapteni," wakasema wale wengine watatu, kwa zamu.

"Kila mtu azime malipo yake, apige picha ya skrini, aitume kwenye kikundi. Nataka ushahidi. Atakayelipa bei mpya si mwenzetu. Tumekubaliana?"

Wakakubali. Raili naye akasema ndiyo, maana hata mtu bwege husema jambo la maana mara moja moja. Kisha ikasikika sauti ya Sulo, taratibu, akikohoa kwanza.

"Mimi nitalipa."

Kisha wakamvamia.

"Mzee, usituangushe bwana."

"Yaani unawapa hela wakutukane?"

"Acha masihara, Sulo. Mtu mzima wewe."

"Euro tatu na nusu hazinitoi roho," alisema Sulo. "Huku kwetu mwezi wa kumi na moja saa tisa giza limeshaingia. Nisipocheza nitafanya nini?"

Lilikuwa swali la kweli, na lilistahili jibu la heshima au kimya. Lakini Raili alikuwa amesikiliza kelele za wanaume kwa wiki nzima, alikuwa amejaa dharau mpaka kooni, na Sulo ndiye aliyekuwa karibu. Ulimi ukateleza.

"Watu kama wewe ndio mnaofanya wapandishe," alisema. "Wanajua utalipa tu. Wanajua huna pa kwenda."

Wale wanaume walicheka, wakapiga na makofi. Hakuwahi kuwachekesha tangu ajiunge nao. Sulo alisema, "Sawa," na mchezo ukaanza. Walishinda nne kwa mbili. Mzee alicheza vizuri kama siku zote, na mwisho wa mchezo aliondoka hewani bila kuaga.

Picha zikaanza kuingia kwenye kikundi. Ya Jarkko ilikuwa ya kwanza: *Malipo yanayojirudia yamezimwa*, na chini yake ngumi tatu za kuchora. Wengine wakafuata na ngumi zao. Raili alituma yake nzima, mpaka mstari wa mwisho uliosema kwamba muda wake unakwisha tarehe mosi Oktoba. Aligundua kwamba za wenzake zote zilikuwa zimekatwa chini, pale pale penye tarehe. Akadhani wanaume hawajui kupiga picha. Hilo nalo lilimwingia akilini kwa urahisi, kwa jinsi alivyowajua. Sulo hakutuma kitu.

Tarehe mosi ikafika, na muda wa Raili ukakwisha saa sita usiku akiwa amelala fofofo. Jumapili ya kwanza alioka mikate ya iliki, akaosha madirisha ambayo hayakuwa machafu, na saa kumi ilipogonga hakujua pa kuiweka mikono yake. Akawasha mashine, aangalie tu. Kwanza alijificha, maana kuna namna ya kujiweka ili wengine wakuone hupo. Hakutaka mtu ajue kwamba anachungulia.

Kwenye orodha ya marafiki nukta nne za kijani ziliwaka. Jarkko: uwanjani. Yule wa Oulu: uwanjani. Yule wa Turku, yule wa Lahti: uwanjani, uwanjani. Golini walimweka kipa wa kompyuta, na matokeo yalikuwa yakionekana pembeni: moja kwa tisa.

Raili aliyatazama majina yale kwa muda mrefu huku akitafuna mkate wa iliki. Wamelipa, akajisemea. Waliozungumzia utu na haki wamefyata mkia baada ya siku tano tu. Hakuandika neno. Kuwaandikia kungekuwa kuwapa heshima. Nukta ya Sulo ilikuwa ya kijivu, na hilo alilitafsiri kwa haraka: mzee ameona haya, au amelipa akaenda timu nyingine, na shauri lake.

Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Saa kumi anawasha, anajificha, anaangalia. Nne za kijani, moja ya kijivu. Kucha za Dubu walifungwa kumi, wakafungwa saba, wakafungwa kumi na mbili. Aliona raha, lakini raha yenyewe haikudumu hata nusu saa, na baadaye jioni ilibaki ndefu. Jikoni shuleni wenzake walimwambia supu ya njegere siku hizi ina chumvi. Alijibu kwamba supu ni ile ile, wao ndio wamebadilika.

Theluji ya kwanza ilipotabiriwa ilibidi abadilishe matairi kama kila mtu mjini, na fundi aliyekuwa na nafasi Jumamosi ile ni mmoja tu. Jarkko alitoka chini ya gari akiwa na ovaroli nyeusi na masikio mekundu, mtu mfupi kuliko sauti yake.

"Ee," alisema.

"Ee," alisema Raili. "Manne. Yamo kwenye buti."

Jarkko akalipandisha gari, akafungua tairi la kwanza, la pili. Alikuwa akimtazama kwa pembeni kama mtoto anayejua kwamba kioo kilivunjwa na yeye. Hatimaye akaanza yeye.

"Tunafungwa sana."

"Nimeona."

"Umeona? Kwani unaingia?"

"Nachungulia. Bei mpya mnaionaje, tamu?"

Jarkko alisimama wima, sipana mkononi. Aliudhika kabisa, kwa moyo mweupe. "Bei mpya? Mimi? Sijalipa hata senti ya bei mpya. Usinivunjie heshima, Raili."

"Nimekuona uwanjani Jumapili tatu."

"Hizo ni kadi. Nilinunua kadi za mwaka mzima pale kwenye kioski. Tano. Bei ya zamani. Unaingiza namba ya moja, kisha nyingine juu yake, muda unarefuka."

"Ulinunua lini?"

"Siku ile ile ya tangazo. Jumanne."

"Kikao kilikuwa Jumapili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulipokuwa unatuhutubia tususe, wewe mfukoni ulikuwa na miaka mitano."

Jarkko alikuna shingo na mkono wenye grisi. "Si kila mtu hujaza? Ukisikia bei inapanda, unajaza. Vijana wote walijaza. Yule wa Lahti ana miaka saba. Mimi nilidhani unajua. Miaka tisa kwenye gemu, Raili, nani halipii mwezi kwa mwezi siku hizi?"

"Mimi."

"Basi hapo ulijikosea mwenyewe."

"Na zile picha mlizokata?"

"Ile tarehe ingechanganya watu."

Raili alimtazama, na dharau aliyokuwa nayo kwake ikapata mahali pa kukaa, ikatulia. Kumbe hawakuwa hata waoga. Mwoga angalau anajua alichokiogopa. Hawa walikuwa wameilipa kampuni ile miaka ya mbele, kwa mkupuo, taslimu, wakaita mgomo, na wakalala usingizi wa washindi.

"Kwa hiyo mgomo wako utaanza lini hasa?"

"Umeshaanza," alisema Jarkko. "Kimsingi. Mwaka elfu mbili na thelathini na kitu watakapotaka hela yangu, hawaipati." Akainama kwenye tairi la tatu, sauti ikapungua. "Rudi bwana. Nikununulie hata mwezi mmoja. Kipa wa kompyuta ni kikapu. Na nyuma hatuna mtu."

"Nyuma mna Sulo."

"Sulo hayupo. Hajaonekana tangu tarehe mosi. Tulidhani mko naye pamoja huko mliko."

Raili alitoa pochi. Alilipa matairi, akaingia garini, akakaa bila kuliwasha mpaka Jarkko akatoka kuuliza kama kuna tatizo.

Usiku ule alimfikiria mtu ambaye hakuijua sura yake. Angeweza kuwa mgonjwa. Angeweza kuwa amekufa, na nani angewaambia Kucha za Dubu? Kemijärvi nzima hakuna aliyejua kwamba kuna mpishi wa shule kilomita mia nane kusini anayesubiri kuulizwa kama yuko macho. Na kila alipofika hapo aliisikia sauti yake mwenyewe, wazi, bila kukwaruza: *huna pa kwenda*. Na yale makofi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Saa kumi kamili aliwasha, akajificha, akaona nne za kijani na moja ya kijivu. Kutuma ujumbe hakukuwa na malipo, na wiki zote hizo kilichomzuia ni kiburi tu. Akaandika: *Sulo. Upo?*

Jibu lilikuja kabla hajaweka pedi chini.

*Nipo. Nimejificha.*

Raili aliyasoma maneno hayo mara tatu. *Tangu lini?*

*Tangu tarehe mosi. Jumapili saa kumi naiwasha. Nilitaka kuona kama wewe umeingia.*

*Na mimi nimejificha. Nilikuwa nakutafuta wewe.*

Majuma manne walikuwa wamekaa kila mmoja sebuleni kwake, saa ile ile, wakitazamana nukta za kijivu. Raili alijiona mjinga kuliko yule wa kutupa mashine ziwani. Yule angalau alijitia aibu kwa maneno yake mwenyewe na hakumuumiza mtu.

*Ulisema utalipa*, aliandika.

*Ulisema watu kama mimi.*

Ndivyo ilivyokuwa basi. Katika watu sita waliokaa kikao cha mgomo, waliogoma walikuwa wawili: mwanamke mwenye kiburi, na mzee aliyesema waziwazi kwamba hatagoma. Tena mzee aligoma kwa sababu ya Raili. Mtu pekee ambaye Raili alimheshimu ndiye pekee aliyeyachukua maneno yake kwa uzito, akazima taa yake ya Jumapili, akabaki na giza la saa tisa.

Kuomba msamaha si kazi Raili aliyoizoea. Aliandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishoni akaacha hivi: *Nilisema upumbavu. Asiye na pa kwenda ni mimi.*

Mzee alichukua muda, labda alikuwa akitafuta herufi.

*Basi tuko wawili. Tunafanyaje?*

*Nalipa.*

*Bei mpya?*

*Bei mpya.*

*Ngoja na mimi nitafute miwani.*

Raili alichukua kadi yake ya benki akaingiza namba moja moja, meno yameumana, kila tarakimu akiilaani kampuni ile kwa sauti, msikilizaji akiwa paka wa jirani kule dirishani. Skrini ikajaa karatasi za rangi zinazopeperuka, ikamwambia karibu tena, tulikukumbuka. Akaitukana skrini tusi ambalo hata jikoni shuleni huwa halitumii. Alikuwa amekula matapishi yake, na yalikuwa na ladha ile ile aliyoitarajia. Kisha akaacha kujificha.

Nukta yake ikawaka kijani. Dakika mbili baadaye ikawaka ya pili.

Jarkko alimpigia kabla ya yote. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ya kapteni.

"Kipa! Umerudi! Na mzee! Ingieni basi, tuna mchezo sasa hivi." Kisha akapiga hesabu yake polepole. "Subiri. Kadi zimeisha madukani. Kwa hiyo mmelipa?"

"Nimelipa," alisema Raili.

"Bei mpya?"

"Bei mpya. Nimelipa."

Neno hilo hakuna mwanamume wa Kucha za Dubu aliyewahi kulitamka.

"Sasa huo ni usaliti," alisema Jarkko, na alimaanisha. "Tulikubaliana. Kusema kweli waliobaki kwenye mgomo ni sisi."

Raili alimkatia simu. Kipa halisi na beki anayejua kukaa nyuma hawakai bila timu, na kabla ya saa kumi na moja walikuwa wamechukuliwa na kikundi cha Kajaani, watu wanne wasiopenda maneno. Walifungwa tano kwa tatu, maana Raili alikuwa amepata kutu vidoleni. Lakini kabla ya filimbi ya kwanza kulikuwa na kikohozi kwenye hedifoni, na swali, na jibu lake.

Jumatatu, akiwa na kikombe cha kahawa na miguu juu ya kreti ya viazi, alifungua ule ukumbi wa wachezaji. Jarkko alikuwa ameandika tangazo refu lenye ngumi tatu mwishoni, ili Ufini nzima ijue. Alisema kwamba katika timu nzima ya Kucha za Dubu ni watu wawili tu waliolipa bei mpya, akawataja kwa majina, Raili Vuorela na Sulo wa Kemijärvi. Watu mia mbili na kitu walikuwa wameshaonyesha hasira zao chini yake, na wengi wao, Raili hakuwa na shaka, walikuwa na miaka yao mitano mfukoni.

Alilisoma tangazo mpaka mwisho akitafuta pa kumsahihisha. Hakupata. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, Jarkko alikuwa ameandika kweli tupu.